Kabla Hujanunua Amplifaya, Sikiliza Kimya Chake



Kwetu tuna spika tano za kuangalia filamu, na hizo hizo tunasikilizia Qur'ani. Ni spika zinazoitika kwa umeme kidogo: ukiipa moja wati 1 tu, ukikaa mita 1 unapata desibeli 98. Hiyo ni kelele tosha. Na wati zikizidishwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Basi hizo wati 200 kwa kila chaneli wanazozisifu wauzaji, sebuleni kwetu zingekuwa israfu.

Sisi tulitafuta utulivu. Spika za aina hii hazichagui; hata mvumo mdogo wa amplifaya yenyewe zinautoa. Kwenye filamu ya mapigano hutausikia. Lakini msomaji anapovuta pumzi baina ya aya na aya, shhh ile inajaa pale pale moyo unapotulia.

Tulikwenda dukani na spika yetu moja. Tukaomba feni zizimwe, amplifaya iwashwe bila kupiga kitu. Ya kwanza, ya bei kubwa, ilivuma hadi tulipokaa. Ya pili, ya wati 50 na chaneli tano, mpaka uweke sikio kwenye spika ndiyo uisikie. Tukachukua hiyo. Pesa iliyobaki tukanunua kitambaa kizito, tukashona mapazia ya kupunguza mwangwi.

Shoga, muuzaji akikutajia wati, mwambie akuwashie kwanza, unyamaze, usikilize. Na jirani naye ana haki yake.