Ramani ya Tatu

Mama anaamini niliacha chuo kwa sababu karo ilikosekana. Si uongo. Sijawahi tu kumwambia ilikosekana vipi.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea takwimu, naishi kwenye hosteli ambayo intaneti haikupotea kama maji. Jioni tulijazana kwa kitanda changu kutazama Counter-Strike kwenye laptopu yenye ufa. Mechi kubwa huwa ya ramani tatu: Mirage, Nuke, Inferno, kila moja uwanja wake. Wa kwanza kufikisha raundi 13 anachukua ramani. Mwenye ramani mbili anachukua mechi.

Kubeti mpira nilishabeti kama kila mtu. Soko la utabiri lilinishika kwa njia nyingine. Pale hushindani na kampuni, unanunua hisa kutoka kwa msee mwingine kama wewe. Timu ikishinda, kila hisa inalipa dola 1, ikishindwa, sufuri. Bei ikiwa senti 60, soko linaipa timu nafasi ya kama asilimia 60. Na unaweza kuuza kabla mchezo haujaisha. Nikajiambia hii si kamari, hii ni hesabu.

Kisha nikagundua kila ramani ina soko lake. Hapo ndipo niliisha. Ukipoteza ya kwanza, huhisi umepoteza, kwa sababu ya pili inaanza baada ya dakika chache.

Na nilikuwa nimeonywa. Machi 31, 2024 tulitazama fainali ya Major ya Copenhagen, Natus Vincere dhidi ya FaZe. Natus Vincere walichukua Ancient 13–9. Mirage wakanyolewa 13–2, chumba kizima kikasema wamekwisha. Inferno wakashinda 13–3 na kubeba kombe. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga mlango. Somo lilikuwa pale pale kwa skrini: kipigo cha ramani moja hakikuambii kitu kuhusu inayofuata. Nilishangilia, sikusoma.

Muhula uliofuata Mama alinitumia Sh28,000, mkopo wa chama chake. Wakati huo nilikuwa nimeshapoteza pesa za chakula, kidogo kidogo, ramani kwa ramani. Nikaona nizikomboe usiku mmoja. Kulikuwa na timu iliyotoka kushinda ramani ya pili kwa kishindo. Nikanunua hisa zao 400 za ramani ya tatu, kwa senti 50 kila moja. Dola 200. Karibu karo yote.

Kufika nusu, walikuwa wanaongoza 9–3. Bei senti 85. Nilikuwa na dola 340 mkononi: karo, chakula, na chenji ya kutosha kujiita mjanja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuuza. Nikasema, mbona niuze na nikingoja kidogo ni 400?

Nusu ya pili timu hubadilishana pande. Waliokuwa wakilinda sasa wanashambulia. Zikaenda raundi nne mfululizo. Nilipobonyeza kuuza, wanunuzi walikuwa wametoroka. Bei iliyobaki kwa skrini ilikuwa pambo tu, kwa sababu bei bila mnunuzi si pesa. Ikaisha 13–11, na mwenye 11 alikuwa mimi.

Asubuhi Mama akaandika, "Umeshalipa, baba?"

Nikajibu, "Bado, sistimu iko chini."

Iliendelea kuwa chini mpaka tarehe ya usajili ikapita.

Siku hizi naandikia watu makala, na kila malipo yakiingia namtumia Mama kitu. Nimefikisha Sh19,000. Yeye huita zawadi, na huwaambia wanawake wa chama kwamba mwanawe hajamsahau. Mimi nahesabu kwenye daftari.

Malipo ya makala haya yatanifikisha Sh22,000. Nitamtumia pesa kwanza. Halafu nitamtumia linki.