Shangazi wa Muyinga na Viatu Vilivyouzwa Gitega

Kwa mwanangu uliyeko chuoni Gitega,

Huku nyumbani tu wazima. Maharage yameanuliwa, bibi yako bado na magoti yake, mdogo wako amefaulu. Baba yako anakusalimu, ingawa hajui kwamba barua hii inaandikwa, na heri asijue kwanza.

Shangazi yako ameshika kalamu kwa sababu ya habari iliyopanda teksi ya Probox huko Gitega, ikapita Karuzi, ikashuka sokoni Muyinga. Habari yenyewe ni kwamba vile viatu vya mpira, ulivyonunuliwa kwa pesa ya kahawa, vimeuzwa, na pesa yake imeishia kwenye mega za simu. Inasemwa pia kwamba usiku kucha uso wako unamulikwa na simu, vipindi vya asubuhi vinakukuta umelala, na ukipanda kutoka sokoni kwenda chuoni unasimama njiani kutafuta pumzi. Kijana wa miaka 21! Yule winga wa kushoto ambaye mabeki wa Muyinga walikuwa wakimwombea ateguke!

Watu wa sokoni huongeza chumvi, shangazi anawajua. Ndiyo maana anauliza kabla ya kuhukumu: viatu viko wapi?

Shangazi hana ugomvi na simu. Tangu Lumitel ilipoanza kazi nchini mwaka 2015, mtandao umefika mpaka vilimani, na yeye mwenyewe hupokea picha za harusi kwa WhatsApp. Ila anajua kwamba video zile zimekosa mwisho kwa makusudi. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila kidole kinapofika chini. Gazeti lina ukurasa wa mwisho na mechi ina dakika 90, lakini kwenye simu hakuna refa wa kupuliza filimbi. Baadaye Raskin alitamka hadharani kwamba anaujutia ubunifu wake. Majuto hayo hayatakurudishia usingizi wako.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, wakiongozwa na Cecilie Andreassen, walitunga maswali sita ya kupima uraibu wa Facebook. Je, mtu huuwaza mtandao hata akiwa kwenye shughuli nyingine? Je, kila siku anataka kuutumia zaidi? Je, anaukimbilia ili asahau shida zake? Je, amejaribu kupunguza akashindwa? Je, akinyimwa anakosa raha? Je, umemharibia kazi au masomo? Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa, lakini ule wa mitandao ya kijamii haumo, kwa hiyo shangazi hasemi kwamba unaumwa. Anataka uyajibu maswali hayo sita ukiwa peke yako, simu imezimwa. Likijibiwa la mwisho, lile la masomo, atajua pia habari za vipindi vya asubuhi ni za kweli au ni za dereva.

Mwili nao una hesabu yake. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha kutosha. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, mama anayejitwika ndizi kuzipeleka sokoni Muyinga huzimaliza dakika zake 150 kabla ya Jumatano. Anayeshindwa ni msomi mwenye kitanda, kiti na chaja.

Sasa tulia usikilize kisa ambacho baba yako hukisimulia nusu.

Ilikuwa Agosti 1996. Buyoya alikuwa ametwaa madaraka ya nchi kwa mapinduzi tarehe 25 Julai, nchi jirani zikatangaza vikwazo kutoka Arusha, nasi tulio karibu na mpaka wa Kobero tukaanza kuhesabu chumvi. Vita ilikuwa vilimani. Katikati ya hayo redio ikasema Mrundi amechukua dhahabu Atlanta: Vénuste Niyongabo, kijana wa Vugizo, katika mita 5000, kwa dakika 13 na sekunde 7.96, mbele ya Paul Bitok wa Kenya. Burundi ilikuwa inashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mtaani kwetu majirani waliokuwa wameacha kusalimiana walisimama kwenye redio moja.

Baba yako huishia hapo, akapiga makofi. Nusu anayoiacha ni ya mkimbiaji mwenzake Niyongabo, Dieudonné Kwizera.

Kwizera alistahili kukimbia Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992. Nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki, hivyo hapakuwa na wa kumsajili, akabaki nje mara zote mbili. Kamati ilipopatikana, nafasi ya mita 1500 ikawa ya Niyongabo, aliyekuwa ameshika nafasi ya tatu katika mbio hizo kwenye mashindano ya dunia ya Gothenburg mwaka 1995. Niyongabo akampisha mwenzake. Aliziacha mbio alizozizoea, akaingia mita 5000 ambazo alikuwa amezikimbia mara chache sana. Kwizera naye akakimbia mita 1500 Atlanta, hakufika fainali.

Hebu ipime miaka minane hiyo. Kwizera aliendelea kujifua bila uhakika wowote kwamba jina lake litaitwa. Hakuwa na picha ya kupakia wala laiki ya kuhesabu. Angekuwa anafanya mazoezi ili aonekane, angeacha mwaka 1988. Wewe, kwa habari zilizotufikia, unatazama usiku kucha vijana wa nchi za watu wakinyanyua vyuma, unawasifu, unawasambaza, kisha unajigeuza upande wa pili wa godoro. Jasho ni lao, mega ni zako.

Shangazi yako naye alikimbia. Kutoka shule ya msingi ya huku alikwenda mpaka Gitega kushindana, akawaacha wasichana wote nyuma na wavulana kadhaa pia. Cheti chake kilibaki kwa mkuu mmoja wa shule, ambaye hatajwi hapa. Baiskeli ya nyumbani alipewa baba yako, ati kwa kuwa ni mwanaume, na shangazi akaenda shule kwa miguu. Leo baba yako akipanda ngazi anakohoa. Shangazi bado anakwenda shambani kabla jua halijachomoza.

Usimwambie maneno hayo.

Usiseme Gitega hakuna pa kukimbilia. Hata Machi 2014 wakuu walipozuia kukimbia kwa makundi mitaani, vikundi vilielekezwa vijiandikishe na vitumie viwanja. Siasa yake tuiache. Wewe uwanja wa Ingoma unao hapo hapo mjini. Na usiseme umechelewa: Francine Niyonsaba wa Ruyigi alipata fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016, kanuni mpya za riadha zikamfungia mbio hizo, akahamia masafa marefu, na Septemba 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, dakika 5 na sekunde 21.56.

Mengine ni mafupi. Simu isilale kitandani. Alfajiri ikuamshe adhana. Kazi za jamii za Jumamosi usizikwepe. Usikope mega kwa mtu. Ukiona kijana anasifiwa TikTok kwa kuacha chuo, muulize nani anamlisha.

Kuhusu viatu: kama vipo, vivae. Kama vimeuzwa, sema, kwa maana uongo utapanda Probox hiyohiyo.

Ndani ya bahasha kuna pesa ya chakula na nauli ya likizo. Pesa ya mega haimo, na haitatumwa muhula huu. Kabla ya Ijumaa nenda kwa mwalimu wa michezo wa chuo, jina lako liandikwe kwenye timu, kisha ujibu kwa mwandiko wako mwenyewe, umpe dereva aliyekuletea barua hii.

Shangazi yako,
Muyinga