Mtoto anaponyong'onyea, muulize anamkumbuka nani

Binti yangu yuko kidato cha pili. Jumamosi moja alikuwa akisoma hadithi ya Kiingereza, akakutana na neno "languish". Akaniuliza, "Mama, hapa wamekosea herufi? Walitaka kuandika 'language'?"

Hawakukosea. "Language" asili yake ni neno la Kilatini la ulimi. "Languish" nalo limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, lakini asili yake ni kulegea na kuishiwa nguvu. Yanafanana sura tu, si ndugu.

Tulipofungua kamusi tukakuta maana tatu. Ya kwanza ni kudhoofika, kama mmea uliokosa maji. Ya pili ni kunyong'onyea kwa kumkosa mtu au kitu unachokipenda. Ya tatu ni kukaa muda mrefu mahali pabaya bila kutolewa. Hii ndiyo magazeti yetu huandika kuwa mtuhumiwa "anasota rumande".

Binti akalalamika kwamba neno moja limebebeshwa mzigo mkubwa. Mimi nililipenda kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tuna neno la mwili, neno la moyo na neno la mahali, na mzazi anaweza kushika moja akasahau mawili.

Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu, wa miaka 11, alirudi likizo kutoka shule ya bweni amekonda, suruali inashikiliwa na mkanda. Chakula hamalizi, mpira hachezi, ukimsemesha anaitikia kwa kichwa. Kaka na wifi wakampeleka hospitali, na walifanya vyema. Akapimwa malaria, minyoo na wingi wa damu. Majibu yote yalikuwa mazuri. Akapewa dawa ya kuongeza hamu ya kula, isisaidie.

Mama yetu alimtazama siku mbili, kisha akasema, "Huyu hana homa. Ana ukiwa." Akamwita jikoni wachambue mchicha, akamuuliza, "Mjukuu wangu, huko shuleni unamkumbuka nani?"

Mtoto akaangua kilio. Tangu akiwa mdogo alilala chumba kimoja na mdogo wake, wakipiga soga mpaka usingizi uwachukue. Bwenini hakuwa na wa kuzungumza naye usiku.

Hawakumhamisha shule. Walizungumza na mlezi wa bweni, akakubali mtoto apige simu nyumbani kila Jumapili na azungumze na mdogo wake. Akahamishiwa pia kitanda cha jirani na mtoto wa mtaani kwao. Likizo iliyofuata alirudi na mashavu yake.

Wataalamu nao wamelichukua neno hili. Mwaka 2002 mwanasosholojia wa Marekani, Corey Keyes, alilitumia kueleza watu wasio na ugonjwa wa akili, lakini wasio na furaha wala hamasa ya maisha. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, mwanasaikolojia Adam Grant aliandika kuhusu hali hiyo katika gazeti la New York Times, na wasomaji wengi wakajiona humo. Watoto wetu wanaweza kuwamo pia: hawaumwi, hawalii, lakini ile nuru yao haipo.

Mtoto akidhoofika, anza na hospitali. Majibu yakija mazuri, usiishie hapo, wala usiseme anadeka. Mtafutie nafasi umuulize anamkosa nani au nini. Kisha angalia mahali alipo, iwe bwenini, darasani au hata sebuleni kwako: je, yupo mtu anayemsikiliza? Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akisema amechoka kuishi, mpeleke haraka kwa daktari au mshauri nasaha.

Na ukimuuliza, muulize mkiwa na kazi mikononi, kuosha vyombo au kuchambua mchele. Watoto wengi husema zaidi wasipokaziwa macho. Usiharakishe jibu.