Bahari Siyo Choo cha Shemeji!

Mpenzi msomaji, kama unakula, sukuma sahani pembeni kwanza. Leo ni habari ya choo, tena choo cha chomboni, na usinicheke maana kimeninyima usingizi mwezi mzima.

Shemeji yangu amenunua jahazi kuukuu kule Unguja. Analigeuza liwe la kulaza watalii: wageni wanane, mabaharia watatu, siku mbili wanazunguka Ghuba ya Menai, usiku wanatia nanga karibu na mafungu ya mchanga. Hela ni ya mkopo, na nyumba iliyowekwa rehani ni ya dada. Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo kwa cheti changu cha kidato cha nne, nikakabidhiwa hesabu za choo. Makubwa hayo!

Fundi mkuu, mzee mwenye heshima zake, alikwishaamua: bomba litoboe ubavu, mzigo uende baharini. "Mwanangu, kwani samaki wana choo?" akaniuliza. Vijana wake hoi kwa kicheko. Nikamjibu kwa adabu kwamba samaki sawa, lakini mama mdogo anaokota chaza pwani ya Fumba, na hiyo ndiyo ada ya wanawe. Chaza chakula chake hukipata kwa kuchuja maji. Vijidudu vya kuhara vikipita, vinabaki mwilini mwake vikimngojea mlaji. Ikienea habari kwamba chaza wa pale wanaumiza matumbo, nani atamnunulia?

"Basi tukamwage mbali," akasema shemeji. Poa, mbali wapi? Kanuni za kimataifa za MARPOL, zinazobana meli za safari za nje, zinataka uchafu mbichi umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, yaani kilomita 22 na ushee, tena meli ikiwa inatembea. Sasa ule mkondo kati ya Unguja na bara, upana wake haufiki hata kilomita 40. Ukiikimbia Unguja unaikuta bara inakusubiri! Jahazi letu halimo kwenye kanuni hizo, ila kilomita ni zilezile.

Zipo mashine zinazosaga uchafu na kuuua vijidudu kwa klorini, inayotengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Kitu bomba, lakini inakula betri, na ile mbolea inayonenepesha majani ya baharini mpaka yakasumbua matumbawe haiondoi. Tukaiacha.

Likabaki tangi. Choo cha kusukuma kwa mkono nilikikadiria lita 2 kila mtu akienda. Watu 11, mara tano kwa siku, ni lita 110. Siku mbili 220. Nikaongeza siku moja ya akiba, kwa sababu gari la kunyonya maji machafu linasimama nchi kavu, na chombo hakisogei mpaka maji yajae. Tukasema lita 350. Likijaa ni zaidi ya kilo 350, kama vijana watano walioshiba! Ukiliweka ubavuni, jahazi linalala upande. Kwa hiyo likae chini, katikati... na katikati ndipo kilipokuwa kitanda cha wageni wawili.

Jamani, siku hiyo shemeji hakunisemesha. Kitanda ni pesa, na mkopo haujui chaza. Dada ndiye aliyekata shauri: kitanda kitoke. Mwenye nyumba kasema, nani abishe?

Kuhusu harufu, usidanganywe na vidonge vya manukato. Tangi likikosa hewa, vijidudu vinavyoishi bila hewa ndivyo vinavyotoa ule uvundo wa yai viza. Dawa ni bomba pana la kupumulia, fupi, lisilo na kona nyingi. Mipira nayo inyonywe macho: ya bei poa hupitisha harufu hata kama haivuji. Ukitaka kuiumbua, funga kitambaa cha maji moto juu ya mpira, kikipoa unuse. Nimenusa mingi, sitaki hata kusimulia.

Tangi limeshaingia na mdomo wa kunyonyea uko juu ya sitaha. Mzee fundi amekubali, ila ametangaza kwamba siku gari litakapokuja kunyonya kwa mara ya kwanza, yeye atakuwa Makunduchi kwa wajukuu.