Akida aliyewajengea Sinagogi



Wapendwa wanaparokia, halmashauri ya walei imetuomba tuuandikie mfuko wa familia ya Raskob, huko Marekani, kuomba msaada wa kumalizia ukumbi wa kigango. Mzee mmoja amekwisha kutunga hata maneno ya kibao cha shukrani!

John Raskob alikuwa miongoni mwa matajiri waliojenga Empire State Building, jengo la ghorofa 102 lililofunguliwa mjini New York mwaka 1931. Mwaka 1945 yeye na mkewe Helena, wazazi wa watoto 13, walianzisha mfuko wa kusaidia kazi za Kanisa Katoliki. John alifariki mwaka 1950, lakini hata leo wazao wao ndio wanaoketi, kwa kujitolea, kusoma maombi yanayoletwa. Wajukuu wamerithi kazi ya kugawa.

Tulipokuwa tukiutafakari ujira wa kibao, tulimkumbuka akida wa Kapernaumu katika Injili ya Luka, sura ya 7. Wazee wa mji walimtetea mbele ya Yesu wakisema anastahili, kwa kuwa aliwajengea sinagogi. Yeye mwenyewe alituma rafiki zake waseme kwamba hastahili Bwana aingie chini ya dari yake. Maneno yake ndiyo tunayoyatamka katika kila Misa kabla ya kukomunika. Sinagogi hakulitaja kabisa.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita upepo uling'oa mabati ya jengo ambalo wafadhili walitujengea. Watoto wa katekisimu walinyeshewa masika nzima, nasi, paroko wenu, tulikuwa wa kwanza kusema tuwasubiri wafadhili. Mabati yale yangaliweza kununuliwa kwa sadaka ya Jumapili mbili. Hakuna mfadhili aliyetukataza kuyanunua. Tulikuwa tumezoea kuliita jengo lile la Wazungu.

Basi barua tutaiandika, tena kwa furaha. Itaeleza juu ya mawe ya msingi ambayo akina mama waliyabeba kichwani kutoka mtoni, na mchanga wa vijana. Lakini kabla hatujaipeleka kwa Baba Askofu, kila jumuiya ndogo ndogo itupe majina ya watu wawili watakaolitunza paa. Hadi jana jioni tumepokea majina manne tu. Kibao, mzee wetu, kisubiri kwanza.