Mashirika ya afya: tafuta kwa simu, uliza kwa miguu



Kila mwaka wa shule wanafunzi wananiletea neno moja: "Papa Pasta, professa anatuomba tutafute mashirika tatu ya afya kwa intaneti. Tuandike nini?" Kwa mtoto wa mjini ni kazi ya dakika kumi. Huku kwetu Masisi na Walikale kijana anaazima simu ya mjomba, ananunua mega kidogo, anapanda kilima kutafuta rezo. Anaandika haraka kile kilichofunguka kwanza, mega zinaisha, anashuka. Nimesoma madaftari mengi ya namna hiyo. Yanaanza Geneva ao Paris, na yanaishia kule kule.

Si kwamba yameandika uongo. OMS ilianza mwaka 1948, na makao yake ni Geneva. UNICEF ilizaliwa 1946. Madaktari Wasio na Mipaka, wale tunaowaita MSF, walianza Paris mwaka 1971, wakapewa Zawadi ya Nobel ya Amani 1999. Ni vizuri kuyajua. Lakini nakuuliza, kijana: kama daftari lako linaishia pale, ni nani nyumbani kwenu atakayepata faida?

Anza karibu. Territoire yetu ya Masisi ina zoni za afya za Masisi, Mweso, Katoyi na Kirotshe. Walikale ina Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Kila zoni ina ofisi yake, hospitali kuu, na vituo vya afya vijijini. Hiyo ni kazi ya serikali. Shirika likifika, linatumika pamoja na zoni. Shirika linakuja na kwenda, zoni inabaki. MSF walianza kusaidia Hospitali Kuu ya Masisi mwaka 2007, na pale wanapotumika mgonjwa halipi. Je, mchimbaji wa Rubaya ao wa Bisie anajua mahali gani mtoto wake anaweza kutunzwa bure? Wengi wanauza mbuzi kwanza, wanauliza nyuma.

Tena kuna mashirika yaliyozaliwa kwetu. Hospitali ya Panzi kule Bukavu ilianzishwa 1999 na Mganga Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, chini ya kanisa la CEPAC. Mwaka 2018 yeye naye alipata Zawadi ya Nobel ya Amani. Goma kuna HEAL Africa, kazi iliyoanzishwa na Mganga Jo Lusi na mke wake Lyn. Moto wa Nyiragongo ulipoteketeza majengo yao mwezi wa kwanza 2002, hawakuacha. Hospitali hizi mbili zinajulikana hasa kwa kupasua wamama wenye fistula.

Neno hilo, fistula, ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Msichana mmoja wa parokia yetu alikuwa anafanya ile kazi ya shule. Akaniletea daftari, akasema kwa sauti ya chini: "Papa Pasta, hii ugonjwa wanaandika hapa, si njo ile ya tantini?" Tantini wake alikawia siku tatu katika uchungu wa kuzaa. Mtoto alikufa, na tangu siku ile mkojo ulikuwa unatoka bila kukoma. Mume alimwacha. Wengine walisema amelogwa. Kanisani alikaa karibu na mlango, kisha akaacha kuja. Na kumbe ni tundu ndani ya mwili, linalotokea uzazi unapokawia, na waganga wanaweza kulishona.

Hatukumtuma njiani kwa sababu ya maandishi ya simu. Tulienda kwa muuguzi mkubwa wa kituo cha afya. Yeye alipiga simu kwenye ofisi ya zoni, akauliza ni wapi wanapasua na ni lini, akaandika barua ya kumtuma. Miezi ilipita, juu ya barabara na juu ya vita. Mwishowe alipasuliwa, akapona. Sasa anauza muhogo sokoni, katikati ya wamama wenzake.

Kwa hiyo, vijana, mkitafuta, mshike maulizo matatu.

La kwanza: shirika hili ni la nani? Watu wanachanganya Msalaba Mwekundu. CICR, ile iliyoanza Geneva mwaka 1863, inahudumia majeruhi wa vita na kutembelea wafungwa. Msalaba Mwekundu wa Congo ni watu wetu wenyewe, wanaojitolea. Jina linafanana, mlango si mmoja.

La pili: ukurasa uliandikwa lini? Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipofika Masisi, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya hospitali. Ukurasa wa mwezi uliotangulia haukuweza kukueleza hali hiyo. Tazama tarehe, kisha uliza mtu aliyeko pale.

La tatu: wanaomba nini? Kuna matapeli wanaovaa jina la shirika, wanaahidi kazi, halafu wanadai pesa ya dosie kwa simu. Shirika la kweli haliuzi kazi. Ukiombwa pesa, funga simu, uende kuuliza ofisi ya zoni.

Nanyi walimu, ombeni kila mwanafunzi aongeze ukurasa mmoja: shirika gani linatumika katika zoni yetu, linatunza ugonjwa gani, na mgonjwa anapita mlango gani. Wazazi, msiseme intaneti ni ya kuharibu watoto tu. Jioni, mwambieni mtoto asome daftari lake kwa sauti, na jirani asikie. Huenda katika nyumba ya pili kuna mtu anayekaa karibu na mlango, akingojea neno hilo.