Kifua Kilibana Nilipoamshwa

Namshukuru Mungu kwamba niko hai kuyasimulia haya. Nililazwa kuondolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Upasuaji ulikwenda salama. Balaa lilikuja wakati wa kuamshwa.

Katika upasuaji kama ule, mgonjwa akishalazwa usingizi hupewa pia dawa ya kulegeza misuli. Mwishoni huchomwa nyingine ya kuizimua, ili apumue mwenyewe. Mimi nilichomwa neostigmini na atropini, kama ilivyo kawaida. Muda si muda kifua kikabana, maumivu yakapanda hadi kwenye taya, jasho jembamba likanitoka. Sauti ilikuwa imekauka, nikamshika nesi mkono nikauweka kifuani. Hakuniambia ni maumivu ya kidonda. Alimwita daktari palepale, wakanipima umeme wa moyo, kipimo kikaonyesha dalili za shambulio la moyo. Nikapuliziwa naitrogliserini chini ya ulimi, na maumivu yakaanza kuachia.

Baadaye mishipa ya moyo ilipigwa picha kwa rangi. Hapakuwa na kizibo. Daktari wa moyo alinieleza kuwa mshipa ulijikaza, na aliyeshukiwa ni neostigmini. Dawa hiyo huzuia asetilikolini isivunjwe, na hivyo misuli hurudiwa na nguvu. Lakini mshipa wa moyo ambao utando wake wa ndani umedhoofika, asetilikolini huweza kuubana badala ya kuutanua. Hata sugamadeksi, dawa mpya zaidi ya kazi hiyo, imewahi kuripotiwa kuleta mkazo wa namna hii kwa wagonjwa wachache, hasa wanaopata mzio.

Nilipewa amlodipini ya kulegeza mishipa. Mwili ulipona mapema kuliko moyo wa hofu: usiku niliogopa kufumba macho, na mke wangu akakesha nami. Kilichonituliza ni daktari wa usingizi kuja mwenyewe kuniandikia jina la dawa, kilichotokea na kilichonisaidia.

Ndugu msomaji, usiukimbie upasuaji unaouhitaji. Madhara haya ni nadra sana. Ila ukiamka kifua kinabana, sema papo hapo. Nanyi mnaouguza, msiseme ni gesi kabla ya kupima. Na aliyepatwa aombe aandikiwe, kisha karatasi hiyo aionyeshe kila anapokutana na daktari wa usingizi.